Hedseti, kaunta au chati ya nyumbani: kazi ipi ya huduma kwa wateja itakupeleka mbele?

Wiki mbili zilizopita binti wa dada yangu alinipigia simu saa tatu usiku. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za nyumbani, akafungua lililomkaa rohoni. Amemaliza chuo mwaka jana, amezunguka na bahasha mpaka soli za viatu zimeisha, na sasa kwa mpigo mmoja ameitwa sehemu tatu: kituo cha miito ya simu cha kampuni ya mawasiliano hapa Dar es Salaam, tawi la benki Kariakoo, na kampuni ya nje inayotaka mtu wa kujibu wateja wake kwa chati akiwa nyumbani, malipo kwa dola. "Mama mdogo," akasema, "zote tatu ni huduma kwa wateja. Si nichukue tu yenye hela nyingi?"

Nikamwomba siku mbili za kufikiri. Nina miaka 12 kwenye kazi hii: mitatu nikiwa na hedseti ya kupokelea simu kituo cha miito, minne nyuma ya kaunta ya benki, na mitano hii ya karibuni nasikiliza simu walizopokea wenzangu na kuzipa alama za ubora. Watu wawili tulioanza mafunzo pamoja nawakumbuka hadi leo. Mmoja sasa anasimamia bidhaa nzima ya kutuma fedha. Mwingine bado anasema "karibu, nikusaidie nini?" kwa mshahara ulioongezeka kiduchu. Wote wawili walikuwa wapole na wateja waliwapenda. Ila yule wa kwanza kila jioni alikuwa akiuliza: kwa nini watu hawa wote wamelazimika kupiga simu leo?

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja. Ukikaa kwenye kiti hicho mwaka mzima, utakuwa umejua nini ambacho mtu wa nje hakijui? Upole anao hata mwenye genge pale mtaani kwako, na pengine amekuzidi. Mshahara wa mwezi wa kwanza nao hautakuambia utakuwa wapi mwezi wa 30.

Hedseti

Mlango huu ndio mpana kuliko yote. Ukiwa na stashahada au shahada ya fani yoyote, sauti inayosikika vizuri, Kiswahili kilichonyooka, Kiingereza cha kutosha kusoma mfumo, na vidole vyepesi kwenye kibodi, utaitwa. Utafundishwa wiki kadhaa, utakaa pembeni ya mzoefu ukisikiliza kwa hedseti ya pili, kisha siku moja utaachiwa kiti.

Mteja anabonyeza 100, anapita kwenye sauti ya kuchagua lugha, anasubiri, halafu anakuangukia wewe. Huipokei simu, inaingia yenyewe. Unasikia mlio mfupi na mtu yuko sikioni mwako, mara nyingi akiwa ameshakasirika. Skrini inakuonyesha jina lililosajiliwa, salio, bando alilonunua, miamala yake. Juu pembeni kuna saa inayohesabu. Ukimaliza, unachagua sababu ya simu kwenye orodha, na kabla hujanywa maji inaingia nyingine.

Nitakueleza simu moja. Ilikuwa saa nane usiku, shifti ya usiku, mama mmoja kutoka Kahama. Ametuma 180,000 akakosea tarakimu moja ya mwisho, na fedha ile ilikuwa ya hospitali. Nikamhakiki: jina kamili, muamala wa mwisho, maswali yote ya utaratibu, naye akijibu kwa sauti ya mtu anayetembea kwenye korido. Nikafungua muamala. Aliyepokea alikuwa ameshatoa 80,000 kwa wakala dakika chache kabla. Laki moja ilikuwa bado ipo, nikaizuia, nikamweleza kwamba taratibu za kumtafuta mpokeaji zitafuata. Akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo laki usiiachie." Nilibaki naye kwenye simu mpaka alipotulia na kuniambia amepata ndugu wa kumkopesha kilichobaki.

Asubuhi msimamizi aliniita. Simu ilikuwa ya dakika 11, lengo letu lilikuwa dakika 4. Nikakatwa alama, na bonasi ya mwezi ikaondoka nayo. Niliumia, na bado naona haikuwa haki. Lakini kuanzia siku ile nilianza kuandika kwenye daftari dogo kila simu ya fedha iliyokwenda kusiko: amekosea namba, ametumia namba ya zamani ya ndugu, ametapeliwa, ametumiwa ujumbe wa uongo. Baada ya miezi miwili nilikuwa najua, bila kuambiwa na mtu, makosa gani ni ya vidole na makosa gani ni ya wizi. Miaka kadhaa baadaye niliingia na daftari lile kwenye usaili wa kazi ninayofanya sasa, na maswali mengi yalitoka mle.

Wengi wanaoidharau kazi ya hedseti hawaoni hapo. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ambao kila Mtanzania ameshaupokea, wewe unausikia kutoka upande wa pili, kwa sauti ya aliyetapeliwa akatuma hela. Unajifunza kumwelekeza mteja aripoti namba ya tapeli kwenda 15040 na akague kwa *106# laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Unajifunza namna tapeli anavyompumbaza mtu hadi anatoa namba ya siri mwenyewe. Mwaka ukiisha unaweza kwenda kuomba nafasi kwenye kitengo cha kuzuia udanganyifu wa miamala, na hutakwenda mikono mitupu.

Ngazi nyingine imefichika zaidi, kwa kuwa hakuna anayeitaja siku ya mafunzo: mpangaji wa shifti. Vituo vingi duniani hujiwekea lengo kwamba simu 80 katika kila 100 zipokelewe ndani ya sekunde 20. Ili lengo hilo litimie lazima mtu akae na hesabu. Mwanahisabati wa Denmark, A. K. Erlang, aliyefanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1917 kanuni zinazotumika hadi leo kwa swali hili: simu zikiwa nyingi hivi kwa saa, na kila moja ikichukua muda huu, wakae watu wangapi ili foleni isizidi kiasi fulani? Kijana anayependa hesabu na jedwali za kompyuta anaweza kuhamia huko ndani ya miaka miwili, na akawa na ufundi unaotakiwa Dar, Nairobi, Johannesburg hata Dubai. Upande mwingine kuna ukaguzi wa ubora, kuna ualimu wa wapya, kuna uchambuzi wa malalamiko unaomweka meza moja na watu wa bidhaa.

Sasa uchungu wake. Koo linakauka, masikio yanachoka, na usiku unakula mwili. Ukienda haja unahesabiwa dakika. Wateja wengine watakutukana kwa jambo usilolifanya, na wewe hutakiwi kukata simu. Kuna jaribu jingine ambalo nimeona likifukuzisha watu wazuri: umeajiriwa juzi, leo rafiki anakuomba umwangalizie mchumba wake anaongea na nani. Ukifungua tu taarifa za namba ambayo haijakupigia, mfumo unaandika jina lako na saa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, jambo hilo limevuka nidhamu ya kazi, linaweza kukufikisha pabaya kisheria. Kataa mapema, hata kwa ndugu.

Kisha mkataba, na hapa naomba usome polepole. Viti vingi vya kituo cha miito havijaajiriwa na kampuni yenye jina kubwa ukutani; vimeajiriwa na kampuni ya tatu inayouza huduma hiyo. Unavaa fulana ya jina kubwa, lakini nafasi za ndani zikitangazwa, wewe ni mtu wa nje kama waliokaa nyumbani. Nimeona wenzangu wakisaini miezi sita, miezi sita, miaka ikapita. Mkataba wa namna hiyo unakata ngazi zote nilizozitaja hapo juu.

Kaunta

Benki ni dunia nyingine, na kwanza tenganisha dirisha na dawati. Dirishani anakaa keshia: anapokea, anahesabu, anatoa. Dawatini anakaa afisa wa huduma kwa wateja: anafungua akaunti, anashughulikia kadi, malalamiko, maombi ya mikopo. Tangazo la kazi linaweza kusema "huduma kwa wateja" kwa vyote viwili.

Nilianzia dirishani. Jioni moja nimefunga hesabu, droo ina upungufu wa 200,000. Nikahesabu tena, mkuu wa makeshia akahesabu, tukapitia hati moja moja hadi saa mbili usiku. Haikuonekana. Nililipa mwenyewe kwa miezi miwili. Makeshia tunaiita shoti, na aliyewahi kuipata huwa anajua uzito wa kifungu cha noti kwa mkono. Anayeogopa fedha za watu asikae pale, si dhambi kuogopa.

Dawati ndilo lililonifundisha kuliko vyote. Siku hizo tulikuwa tumeanza kufungua akaunti kwa namba ya NIDA na alama za vidole. Akaja mzee mmoja fundi wa kufyatua matofali. Nikamwamkia, akaitikia, akaweka kidole kwenye mashine. Haikusoma. Tukafuta kioo, akapangusa mkono kwa kitambaa cha unyevu, tukajaribu dole gumba, shahada, cha kati, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Mistari ya vidole ilikuwa imelika kwa saruji ya miaka 30. Foleni nyuma yake ilianza kunung'unika. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto kikasoma. Mzee akakitazama kidole kile, akasema, "Hiki ndicho kivivu, hakijafanya kazi." Tulicheka wote, hata waliokuwa wamenuna kwenye foleni. Kuanzia siku hiyo, mtu mwenye mikono ya kazi nilikuwa naanza na vidole vya pembeni, na wenzangu wakaiga. Dakika zilizookolewa kwa mwezi hazikuwa haba.

Kwenye kaunta unamwona mtu. Unaona mfanyabiashara wa vitenge anayeweka fedha kila siku saa kumi, unajua mwezi wake mbaya ni upi, unajua nani ni mkweli wa marejesho kabla mfumo haujasema. Kariakoo hiyo ni hazina. Mteja wa simu anakusahau akikata. Mteja wa kaunta anakukumbuka kwa sura, na ukihamia benki nyingine anaweza kukufuata na akaunti yake. Hakuna kitu kinachompa afisa wa benki nguvu kuliko kitabu cha wateja kama hicho.

Ngazi zake pia zinaonekana kwa macho: dirisha, dawati, afisa mikopo au afisa mahusiano, msimamizi wa shughuli za tawi, meneja wa tawi. Kuna mitihani ya taaluma ya Taasisi ya Wanabenki Tanzania, TIOB, ambayo mtu unaweza kuisomea ukiwa kazini, na cheti chake kinaeleweka popote penye benki nchini. Utajifunza utambuzi wa mteja, udhibiti wa fedha haramu, uchambuzi wa mkopo. Hayo ni maarifa yenye jina, ukiyaandika kwenye wasifu mwajiri anajua umebeba nini. Aliyetoka kituo cha miito mara nyingi anajua mengi tu, lakini inambidi ayaeleze.

Upungufu wake ni kwamba dirisha linapungua. Tangu benki ziruhusiwe kutumia mawakala mwaka 2013, kuweka na kutoa kumehamia mtaani, kwenye kile kibanda kilicho karibu na duka la dawa. Salio, malipo ya LUKU, kutuma fedha, yote yako kwenye simu. Wanaokuja tawini leo wanakuja na jambo zito: mkopo, urithi, akaunti iliyofungwa, kadi iliyomezwa safarini. Ndiyo maana nasema, ukiajiriwa dirishani uliza siku ya kwanza utakaa hapo muda gani. Dawatini, kaa kwa amani.

Chati ya nyumbani

Nitakuwa mkweli: sehemu hii sijaifanya mwenyewe. Nimewafundisha wawili wanaoifanya, na nimekaa nao usiku nikitazama.

Kazi yenyewe ni kuandika. Unafungua programu kama Zendesk au Intercom, wateja wanaingia watatu kwa wakati mmoja, kila mmoja na dirisha lake: huyu kifurushi chake hakijafika, huyu amekatwa fedha mara mbili, yule anataka kuvunja usajili. Kiingereza lazima kiwe cha kuandikia, chenye adabu bila kujikomba. Kijana mmoja niliyemtazama alikuwa na daftari la sentensi zake mwenyewe, na kila wiki alifuta zilizowaudhi watu.

Saa ndizo zinazowashinda wengi. Sisi tuko mbele ya New York kwa saa saba au nane, kutegemea msimu wao. Ofisi yao ya kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni kwako, msimu wa baridi ya kule, inaanza saa kumi na moja jioni na kuisha saa saba usiku. Wateja wa California wakitumia saa hizohizo, utalala alfajiri. Wa Uingereza ni nafuu, wako nyuma saa mbili au tatu tu. Ukiwa na mtoto mdogo, au unaishi chumba kimoja na ndugu watatu, hesabu hiyo ifanye kabla ya hesabu ya dola.

Na hesabu ya dola yenyewe uifanye yote. Chukua mshahara wa 600,000 wa ofisini kwa Tanzania Bara. NSSF inakata asilimia 10 yako, 60,000, na mwajiri anaongeza kiasi kama hicho juu. Inayobaki, 540,000, inakatwa kodi ya mapato. Kwa viwango ninavyovitumia kila mwezi, ambavyo 270,000 za kwanza hazikatwi kitu, kodi ni 24,000. Unaondoka na 516,000, na kwa sheria una likizo ya siku 28 zinazolipwa, wiki ya saa 45, ovataimu ya mara moja na nusu, na nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa ya usiku. Mfanyakazi huru wa mtandaoni hapewi hata moja kati ya hizo. Intaneti ni yake, kompyuta ni yake, umeme ukikatika ni juu yake, akiugua hakuna anayemlipa. Akitaka NSSF achangie kwa hiari. Dola zinaweza bado kuwa nyingi, na kwa wengine ni nyingi kweli, ila linganisha kilichobaki mkononi na kilichobaki mkononi.

Wenzetu wa Nairobi walianza mapema. Nyaya za chini ya bahari zilipofika pwani yetu, SEACOM na TEAMS mwaka 2009, EASSy mwaka 2010, vituo vya Nairobi vinavyohudumia wateja wa nje vikapata nguvu, na leo kijana wa pale anaweza kuifanya kazi ya wateja wa Ulaya akiwa ofisini, na msimamizi, na jenereta, na usafiri wa usiku. Wa Dar anayeifanya peke yake chumbani anapata fedha, lakini hana wa kumwona. Hakuna meneja anayepita nyuma ya kiti akasema, huyu mtoto ana kitu. Kwa anayeanza, hilo ni pungufu kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mengi niliyoyajua mwaka wangu wa kwanza niliyasikia kutoka kiti cha jirani.

Jambo moja la tahadhari, na nalisema kwa uchungu kwa sababu binamu yangu ameumia: kazi ya mtandaoni inayokutaka utangulize "ada ya usajili" au "fedha ya mafunzo" ni wizi. Hakuna ubishi hapo.

Na roboti?

Binti aliniuliza hili mwishoni, kwa sauti ya chini. Ameona mashine zinajibu.

Ni kweli zinajibu. Safaricom ya Kenya walileta Zuri, roboti wao wa kujibu wateja kwa chati, tangu 2018, na kampuni nyingi za simu na benki hapa zina wasaidizi wa namna hiyo. Mwaka 2024 Klarna, kampuni ya malipo ya Sweden, ilitangaza kwamba roboti wake anafanya kazi ya watu 700 wa huduma kwa wateja. Mwaka uliofuata mkurugenzi wake mkuu akakiri kwamba ubora ulishuka, wakaanza tena kuajiri watu. Marekani, ofisi ya serikali ya takwimu za kazi ilikadiria mwaka 2024 kwamba nafasi za huduma kwa wateja zitapungua kwa asilimia 5 kati ya 2023 na 2033, ingawa kila mwaka bado wanahitajika wengi wa kujaza nafasi za wanaoondoka.

Kwa hiyo pima kila kiti kwa aina ya maswali yanayokifikia. "Salio langu ni kiasi gani", "nifanyeje kubadili nywila", "kifurushi kiko wapi": hayo yanaondoka, na ndiyo mengi ya kwenye chati ya nje, tena kwa Kiingereza, lugha ambayo mashine inaijua vizuri kuliko zote. Hapo ndipo ninapoiogopea. Yule mama wa Kahama, aliyepiga na simu ya kitochi saa nane usiku akichanganya Kisukuma na Kiswahili, bado anahitaji mtu wa kuamua. Fundi matofali naye vivyo hivyo. Lakini hata hedseti haitabaki ilivyo. Simu nyepesi zitaondoka, zitabaki nzito, na watakaobaki watakuwa wachache wanaojua mambo kwa undani. Aliyekaa miaka mitano akisoma majibu kutoka kwenye skrini ndiye aliye hatarini, popote alipo.

Ningechagua nini

Kwa kijana anayeanza, mimi ningechukua hedseti, kwa miezi 18, siku moja isizidi bila kuwa nimeomba nafasi nyingine ndani. Hakuna mahali pengine utaona matatizo ya watu 70 au 80 kwa siku, kutoka Tunduma hadi Tanga, ukiwa na umri wa miaka 24. Ningekaa na daftari. Ningeomba kila miezi mitatu niketi siku moja na mkaguzi wa ubora au mpangaji wa shifti.

Lakini uchaguzi huo una sharti la mkataba, ndiyo maana nilimtuma binti akaulize maswali matatu sehemu zote, kwa adabu, bila haraka. Mkataba wangu unasainiwa na nani, na nafasi za ndani zikitangazwa naruhusiwa kuomba? Mtu wa mwisho aliyetoka kwenye kiti hiki kwenda juu alikwenda idara gani, na alikaa muda gani? Na shifti ikiisha usiku, nafikaje nyumbani? Swali hili la tatu wasichana wengi wanaona haya kuliuliza. Waliulize. Kituo kisicho na gari la usiku kinakuachia wewe na bodaboda saa saba, na hakuna bonasi inayolipa hilo.

Anayependa hesabu, watu na utaratibu, na haogopi fedha, benki itamlea vizuri zaidi, hasa dawatini. Chati ya nyumbani ningempa mtu ambaye tayari ana ufundi wake: mtu aliyefanya kazi miaka miwili mitatu, anayejua Kiingereza cha kuandika, mwenye chumba chake na sababu ya kukaa nyumbani, mama anayelea, au anayesoma mchana. Kama kazi ya kwanza kabisa, hapana.

Majibu yalirudi baada ya siku nne. Kituo cha miito: mkataba wa miezi sita na kampuni ya tatu, nafasi za ndani ni kwa waajiriwa wa kampuni mama peke yao. Chati: walikawia kujibu, kisha wakasema mafunzo hayalipwi. Benki: dawati, mwaka mmoja, kisha anaweza kuomba mikopo, aliyekuwa kwenye kiti hicho amehamia kitengo cha wafanyabiashara wadogo Ilala.

Anaanza tarehe mosi. Juzi alinitumia picha ya barua, mhuri bado unang'aa, akaniuliza anunue nini. Nikamwambia viatu vya kisigino kifupi, kwa sababu siku ya mwisho wa mwezi hatakaa, na daftari dogo linaloingia mfukoni.